Dohani ya Otilia

Katika mji wa Puerto Montt mvua ikinyesha watu hunung'unika, na kwa kuwa hunyesha karibu kila siku, manung'uniko yamekuwa kama salamu. Jua likitoka katikati ya Julai, majira yao ya baridi, wote hushangilia. Huanika mablanketi uani, hutoka nje na vikombe vyao vya kahawa, wakautazama Calbuco, mlima wao, ukiwa mweupe toka utosini hadi kiunoni. Belarmino Ojeda peke yake ndiye hununa.

Alikuwa na kifua kibovu, na mwenye kifua kibovu katika mji ule anajua jambo ambalo wazima hawalijui. Siku ya jua na baridi kali ndiyo siku ya moshi. Upepo hulala, baridi huufunika mji kama mfuniko wa sufuria, na moshi wa majiko yote ya kuni hukosa pa kwenda, ukashuka ukaingia puani mwa watu. Mvua ndiyo inayoosha hewa. Basi Belarmino kila usiku aliomba mvua, na kama dua ya mtu mmoja ingetosha, mji ule ungekwisha kuelea baharini zamani.

Sasa ilikuwa siku ya tatu ya jua. Alikaa dirishani asubuhi, blanketi magotini, dawa yake ya kupuliza mfukoni, macho kwenye paa la nyumba ya pili. Saa moja kasoro dakika kumi, dohani ya nyumba ile ilitoa pumzi moja, ikatulia, kisha ikafungulia moshi mzito wa rangi ya kijivu na manjano, uliojikunja juu ya paa na kuteremka moja kwa moja kwenye dirisha lake.

"Bado yu hai," alisema Belarmino, akaanza kukohoa.

Alikohoa dakika kumi nzima, kikohozi ambacho mtaa mzima ulikifahamu.

Mwenye dohani alikuwa Otilia Huenchur, mjane wa kaka yake. Belarmino na kaka yake Ramiro walijenga nyumba zao mbili bega kwa bega juu ya kilima, kuta za mbao, ua mmoja katikati, ili wasije wakatengana uzeeni. Ramiro akatangulia, miaka sita sasa. Belarmino, ambaye hakuwahi kuoa, akabaki na mazoea ya kutazama moshi. Mama yao, mtu wa kisiwani Chiloé, aliwafundisha tangu wadogo: nyumba isiyotoa moshi asubuhi, usiulize, nenda kabishe hodi. Ndivyo watu wa huko walivyowagundua wagonjwa wao, na maiti wao pia.

Kwa hiyo moshi ule aliuhitaji na moshi ule ulimuua. Mtu afanyeje?

Taabu haikuwa jiko. Taabu ilikuwa Otilia na kuni zake mbichi. "Kuni kavu ni za matajiri na wapumbavu," alizoea kusema. "Unaweka gogo, ukigeuka halipo, kama mkate wa moto mbele ya watoto. Mbichi inakaa." Na moto ukishashika, alifunga kile kilango cha kuingizia hewa katika jiko, ili gogo moja limfikishe adhuhuri. Kuni, badala ya kuwaka, zilinuna. Alichookoa Otilia kilitoka kwa juu na kwenda kwa shemeji yake. Belarmino alimwambia kwa wema, akamwambia kwa ukali, mwisho akamletea mzigo mzima wa kuni kavu kama zawadi. Otilia alishukuru sana, akazitumia kutegemeza banda la kuku.

Mwezi wa Mei, Belarmino alilazwa usiku mmoja hospitali na kifuniko cha hewa usoni. Alipotoka, alipiga ile namba ya kushtakia moshi. Hakumwambia mtu. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, binti mmoja aitwaye Yasna, koti la njano, akampa Otilia karatasi ya onyo: akirudia, atatozwa faini. Karatasi haikumtaja aliyeshtaki. Lakini tangu siku hiyo Otilia hakumwambia Belarmino hata neno moja. Maneno yote alimpa kuku.

Siku hiyo ya tatu ya jua, redio ilitangaza kwamba kesho yake ni siku ya dharura ya hewa: jiko lolote la kuni lisiwashwe, toka alfajiri hadi usiku wa manane. Mchana Belarmino akatoka kuanika soksi, akamkuta Otilia upande wa pili wa ua, akimwagia kuku wake maganda ya viazi.

"Malkia," Otilia alimwambia kuku, sauti ya kusikika hadi barabarani, "umesikia redio? Kesho maji yatagandia bombani, na sisi tusiwashe moto. Sasa tuote nini, picha ya waziri?"

"Shemeji, ni siku moja tu," alisema Belarmino. "Njoo ushinde kwangu. Hita ya gesi ipo."

"Malkia, hapa kuna mbu analia."

"Otilia, kifua changu hiki—"

"Mwambie mwenye kifua kwamba jiko lile nimelipikia miaka arobaini. Kaka yake amekula hapo, amekausha nguo hapo, na amekufa kwa ini, hakufa kwa moshi. Mwambie kesho nitawasha, saa ile ile. Wakitaka waje na pingu. Waje na mkate pia, kahawa nitawapa mimi."

"Kuku wako ana akili kukuzidi."

"Ndiyo maana naongea naye."

Belarmino alibana soksi ya mwisho akarudi ndani. Mara nyingi katika miezi ile miwili alikuwa amesimama katika ua ule, tayari kusema: ni mimi, shemeji, niliyepiga simu, nisamehe. Na kila mara alikumbuka ulimi wa Otilia, akaona heri anyamaze, kesho ipo.

Usiku baridi ilishuka kwelikweli. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na ngazi za mlangoni zilimeta. Belarmino alikaa mahali pake, blanketi magotini. Saa moja kasoro dakika kumi ikafika. Paa la Otilia likatulia. Saa moja ikapiga. Hakuna kitu.

Alingoja kidogo, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Aprili: alifungua dirisha.

Hewa iliingia baridi na safi kama maji ya kisima. Aliivuta, akaona inaendelea kushuka, akaivuta tena. Alikuwa amesahau kwamba mapafu yana chini yake. Hakukohoa. Alingoja kikohozi, kama mtu anayemngoja mgeni mwenye desturi ya kuja, na hakikuja. Harufu ya mwani ilimfikia kutoka ghubani, naye akacheka peke yake, maana majira yote ya baridi hupita mtu akisahau kwamba mji wake uko pwani. Mlima nao ulikuwa pale, kila mkunjo wa theluji ukionekana. Alipaka parachichi kwenye mkate, akala amesimama dirishani, na kusema kweli alijisikia mshindi. Kelele zote zile, na karatasi moja ya faini imemtia adabu!

Saa tatu Yasna alipita na koti lake la njano, macho juu ya mapaa.

"Umeamkaje, mzee? Kifua?"

"Kama cha kijana, binti yangu."

"Mtaa wako leo umenifurahisha. Sijaona hata uzi wa moshi. Hata yule mama wa kuni mbichi ametii."

"Otilia? Kutii?" Belarmino alicheka. "Binti, siku ya harusi yake padri alimuuliza kama anamkubali kaka yangu, akajibu, 'Tutaona.' Mbele ya watu wote! Huyo hajawahi kutii hata—"

Kicheko kikamkatikia kooni. Yasna alikuwa ameshapita, akielekea bondeni. Belarmino alibaki ameshika ukingo wa dirisha, akilitazama lile paa safi, na sasa usafi wake haukumpendeza hata kidogo.

Nyumba isiyotoa moshi asubuhi.

Lakini leo nyumba zote hazitoi moshi, alijiambia. Leo ni amri. Tena nikienda, atasema nimekuja kukagua. Akimwona yule binti barabarani, atasema nimemleta mimi, na mara hii hatakuwa amekosea sana. Aibu ya Mei ilimkalisha pale dakika tano nzima, dakika ambazo baadaye hakuweza kujisamehe. Kilichomwinua ni kuku. Malkia alikuwa akilalamika bandani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuvumilia. Otilia alimfungulia kila siku kabla hata ya kuwasha moto. Serikali angeiasi, padri angemwasi. Kuku, kamwe.

Belarmino alitoka na viatu vya nyumbani.

"Hodi! Shemeji, hodi!"

Kimya. Mlango wa jikoni haukuwa umefungwa. Birika lilikuwa juu ya jiko, baridi kama jiwe. Ndani ya jiko karatasi zilikuwa zimekunjwa na vijiti vimepangwa vizuri juu yake, na kiberiti kando. Kilichokosekana ni kuni tu. Alipita jikoni akatokea mlango wa nyuma, upande ule usioonekana kutoka kwake, mahali palipokuwa na kibanda cha kuni.

Rundo lote lilikuwa limeporomoka. Otilia alikuwa amelala chini ya nusu yake, magunia mawili matupu ya viazi kifuani aliyoyavuta mwenyewe, mguu mmoja umekaa vibaya. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Nani?" aliuliza. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi tu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Belarmino, shemeji."

"Uko hai?" Otilia aliuliza.

Belarmino akaona baridi imempanda kichwani. "Mimi ndiye ninayekuuliza wewe hivyo!"

"Sikukusikia ukikohoa," alisema Otilia. "Saa moja imepita, sikusikia. Saa mbili nayo ikapita. Nikasema, basi, Belarmino amekufa, mimi nakufa, na kuku yumo bandani."

"Unanisikiliza nikikohoa?"

"Kila siku. Unadhani wewe peke yako ndiye mwenye jirani? Nawasha, unakohoa, najua umeamka. Nimeita mpaka koo limekauka. Sasa toa makuni haya, yananiumiza, na usianze kunihubiria."

Alipiga magoti kwenye barafu akaanza kuyatoa. Yalikuwa mazito, maana yalikuwa mabichi. Ile methali ya asiyesikia la mkuu ilimjia hadi ncha ya ulimi, na kama kuna jambo moja jema alilolitenda Belarmino mwaka ule, ni kuimeza. Alichukua blanketi ndani, akamfunika, akakimbia barabarani, yeye ambaye hakuwa amekimbia tangu alipoacha kazi ya nyavu, akaita kwa nguvu zote. Koti la njano likageuka kule chini.

Yasna alipiga simu. Aliambiwa barabara zina barafu, gari la wagonjwa litachukua dakika arobaini. Wakamlaza Otilia juu ya blanketi, wakamvuta polepole hadi jikoni. Kila kizingiti alitaja mtakatifu mmoja, na si kwa heshima. Meno yalimgonga. Belarmino alimshika mikono, akaona haina tofauti na birika lile. Hita yake ilikuwa imefungwa ukutani, nyumba ya pili, na ngazi za kufikia huko ni vioo vitupu.

Alilitazama jiko. Akamtazama binti.

"Andika jina langu," alisema. "Belarmino Ojeda. Anayewasha ni mimi."

Yasna hakuandika. "Kuni gani?" aliuliza. "Zile za nje zitatupa moshi tu, joto hamna."

Belarmino alitoka. Banda la kuku liliegemea kuni kavu, zile zile, zawadi yake ya mwaka juzi, zimekauka zaidi kwa kukaa chini ya bati. Alichomoa sita. Banda likainama upande, mlango ukaachia, na Malkia akatoka akipiga kelele za kutosha kuamsha mtaa. Belarmino alirudi na mzigo mikononi na kuku nyuma yake.

Moto ulishika mara moja. Otilia, kutoka sakafuni, aliona mkono wa shemeji yake umeacha kilango wazi.

"Funga hicho. Zitakwisha upesi."

"Ziishe," alisema Belarmino.

Yasna alitoka uani, akatazama juu kwa muda, akarudi anapangusa viatu. "Huko nje sijaona moshi," alisema. "Hewa inatetemeka tu juu ya dohani. Sasa mimi niandike nini?" Akajaza birika maji, akaliteleka.

Joto lilianza kuingia chumbani. Kuku alikaa karibu na kichwa cha bibi yake. Belarmino alikuwa ameketi chini, miguu ya Otilia imefungwa sweta lake, na akaona kwamba kama hatasema sasa hatasema kamwe.

"Shemeji. Mwezi wa tano—"

"Najua."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Ile karatasi iliandikwa kwamba mwenye nyumba huwasha jiko saa moja kasoro dakika kumi. Nani mwingine duniani anajua mimi naamka saa ngapi? Hata Ramiro hakujua. Alikuwa amelala."

Belarmino aliona aibu ikimpanda toka miguuni. Machozi yalimtoka, na hakuwa na moshi wa kuusingizia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia kuku," alisema Otilia. "Mbona yeye hakukwambia?"

Akafumba macho. Kisha, kwa sauti ndogo, kama asemaye jambo lisilo na uzito: "Sikujua kwamba walikuwekea kifuniko cha hewa. Yule binti ndiye aliyenieleza, alipokuja na onyo lake. Nikaona vibaya kuja kukuomba radhi mikono mitupu. Kisha nikaona vibaya kwa kuwa nimechelewa. Basi nikakasirika, ndiyo rahisi."

Gari likafika, likamchukua.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimtia chuma, wakamweka wiki tatu, kisha akahamia kwa binti yake, katika mji wa Osorno, hadi atembee. Huku nyuma Belarmino alilisha kuku, na zamu ya Otilia katika mpango wa serikali wa kuwabadilishia watu majiko ya kuni ilipofika, yeye ndiye aliyewafungulia mafundi. Lile jiko la miaka arobaini lilitoka mlangoni vipande vipande. Mahali pake wakaweka jiko dogo jeusi linalokula vidonge vya unga wa mbao. Belarmino alitia saini kwa niaba yake, akabaki amesimama jikoni mpaka giza likaingia. Alikuwa ameipata hewa aliyoiomba mwaka mzima, na nyumba ile ilimtisha.

Otilia alirudi Septemba, sikukuu za taifa zikikaribia, mvua imerudi kazini. Alilizunguka jiko jipya na fimbo yake, akalifungua, akalifunga.

"Linatoa moshi?"

"Halitoi. Kidogo sana, hauonekani."

"Sasa nikifa nani atajua?"

"Nitakuja kubisha."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hapa kunanyesha kila siku."

"Nina mwavuli," alisema Belarmino.

Kesho yake aliamka mapema. Kwa mazoea alikaa dirishani kwanza. Saa moja kasoro dakika kumi ikapita, na dohani ya Otilia ikakaa bubu kwenye mvua, imelowa, haina kazi. Kifua chake nacho kilikuwa bubu, wiki ya tano sasa. Alivaa koti, akachukua mwavuli, akavuka ua.

Alipoinua mkono kubisha, alisita. Ndani hakukuwa na sauti yoyote: si kuni kudondoka, si mlango wa chuma kugonga, si kitu. Kisha akakumbuka kwamba upande wa pili wa mlango ule kuna mtu mwingine, anayesikiliza pia, na ambaye kwa wiki nyingi hajasikia kitu.

Alishusha mkono. Akasafisha koo, akakohoa mara mbili, kwa nguvu, kikohozi cha uongo kabisa.

Ndani fimbo ikagonga sakafu, ikija.

"Bado yu hai," Otilia alimwambia kuku, akafungua mlango.